Kioo cha dirisha la pembeni la gari dogo la paa la kukunjwa: jua kilichokivunja kabla hujafunga kipya

Kioo cha mlango hakizibwi. Kioo cha mbele kikipigwa na jiwe, fundi anaweza kuingiza gundi maalumu kwenye alama na ikadumu, kwa sababu kile ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja, katikati kuna utando wa plastiki. Cha pembeni, katika magari mengi madogo, ni kipande kimoja kilichopashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Uso wake umebanwa, ndani yake kumevutika, na nguvu hizo mbili zinashikana kama timu mbili zinazovutana kamba. Ufa ukivuka ule uso ukafika ndani, kamba imekatika: sekunde moja kioo kipo, sekunde inayofuata una kokoto mapajani.

Ndiyo maana kioo hiki hakikatwi, hakitobolewi wala hakisagwi ukingo baada ya kutoka kiwandani. Mtu akikuambia atakukatia kioo cha mlango kutoka kwenye kipande kikubwa alichonacho, anachokikata ni kioo cha kawaida, kile ambacho kikivunjika kinatoa visu. Usikikubali mlangoni, karibu na shingo yako.

Kwa hiyo swali si namna ya kutengeneza kioo. Swali ni mlango wako umekifanya nini. Mara nyingi nimeona mtu akifunga kioo kipya juu ya kosa lile lile lililoua cha kwanza, na baada ya wiki chache yuko pale pale na ufagio mkononi. Kwenye gari la paa la kukunjwa jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mlango wake kwa kawaida hauna fremu juu. Kioo kinasimama peke yake kama jani, kimeshikwa chini tu, na ncha yake ya juu inaegemea raba ya turubai. Kila kinacholegea huko chini mlangoni kinaonekana mara nyingi zaidi huku juu. Yapo magari ya paa la kukunjwa yaliyobaki na fremu, kama Fiat 500C, ambayo nguzo na miimo yake ya pembeni haiondoki paa likikunjwa. Kwa hayo, sehemu ya hapa chini inayohusu kurekebisha mkao wa kioo haiwahusu sana.

Kioo kimemwagika chote

Jiulize kwanza kilikuwa kinafanya nini kilipovunjika. Kama ni jiwe au mwizi, sababu unaijua na unaweza kuruka mbele. Kilichovunjika wakati wa kufunga mlango, au kikiwa kinapanda, au usiku gari limeegeshwa bila kuguswa na mtu, hicho kina kesi ya kusikilizwa.

Ushahidi uko chini, ndani ya mlango, pale kioo kiliposhikwa na mashine ya kukipandisha. Hapo hubaki vipande vichache vimeng'ang'ania kwenye kibano au kuzunguka bolti. Usiving'oe kabla hujavitazama kwa tochi. Vioo vingi vina matundu mawili ambamo bolti hupita, na kila tundu lina bushi ya plastiki pamoja na washa laini pande zote mbili. Kazi yake ni moja: chuma kisiguse kioo. Bushi ikipasuka au ikisahaulika, bolti inalala moja kwa moja kwenye ukingo wa tundu, na ukingo ndio mahali kioo hiki kina udhaifu wake. Katikati unaweza kukigonga kwa ngumi kisifanye lolote, ila ncha ndogo ya chuma ukingoni inakimaliza.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa hasara. Nilifunga kioo kizuri, nikaikaza bolti ya nyuma kwa nguvu za mkono mzima, bila kugundua kwamba bushi yake ilikuwa imebaki sakafuni. Kilipanda na kushuka vizuri jioni nzima. Asubuhi kulipopambazuka baridi, nikakuta mlango mtupu. Bushi niliiona baadaye, duara jeusi dogo kuliko sarafu, imebanwa chini ya guu la jeki. Tangu siku hiyo nazihesabu kwa sauti kabla ya kuingiza kioo mlangoni.

Sababu nyingine ni mkao mbaya. Kioo kilichopanda juu mno kinagonga reli ya paa kila mlango unapofungwa. Tafuta alama kwenye raba: mstari uliokatika, au sehemu iliyong'aa kwa kusuguliwa. Kuna pia kioo kilichokuwa na kipande kidogo kimemeguka ukingoni, pengine miezi kadhaa iliyopita. Kioo cha namna hiyo ukikikuta bado kizima, kihesabu kuwa kimeshakufa. Hakuna gundi itakayokirudisha, na kitachagua chenyewe siku ya kuanguka.

Kokoto zimeingia wapi

Kwanza usibonyeze swichi ya kioo ili kuona kama inafanya kazi. Vipande vilivyoingia kwenye reli vitasagwa na kukwamisha mashine, na hapo umeongeza kazi. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, nyonya vipande kwa mashine ya vumbi, na ukitumia brashi iwe ya kutupa baadaye.

Kwenye gari hili kuna mahali watu wanapasahau: lile shimo nyuma ya viti ambamo turubai hulala likikunjwa. Kioo kikipasuka paa likiwa wazi, kokoto huruka mpaka huko na kujificha katika mikunjo. Ukifunga na kufungua paa bila kusafisha, kipande kimoja tu kinatosha kutoboa kitambaa au kukwaruza dirisha la nyuma, hasa kama ni la plastiki. Likunjue paa nusu, pitisha mkono wenye glavu kwenye kila mkunjo, nyonya, kisha rudia siku ya pili. Pitia pia reli za viti na tundu la mkanda.

Halafu mlango wenyewe. Chini kabisa kuna matundu ya kutolea maji, madogo, kwa kawaida mawili au matatu. Vipande vikiyaziba, mvua ya kwanza inabaki ndani ya mlango kama maji kwenye mtungi na kutu inaanza kula mshono wa chini. Yazibue kwa kijiti cha plastiki mpaka umwage maji ndani na kuyaona yakitoka yote.

Wakati unasubiri kioo, funika kwa nailoni nzito na tepu ya karatasi. Tepu ishike kwenye chuma au kioo kingine, isishike turubai: gundi yake ikishakauka juani kwenye kitambaa haitoki bila kuacha doa.

Mikwaruzo ya wima

Mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini haitokani na kuosha vibaya. Imechorwa na kitu kinachokaa mahali pamoja wakati kioo kinasogea. Iko upande wa nje? Kosa ni la ule ukanda wa raba na felti unaofuta kioo pale kinapozama mlangoni. Umejaa mchanga, au felti imeisha na ukingo wa chuma umetokeza. Iko ndani? Tazama vidhibiti, yale magodoro madogo yenye felti yanayokibana kioo kisitikisike. Yakikauka yanabaki plastiki tupu, na skrubu zake zinaweza kufika kwenye kioo.

Pitisha ukucha juu ya mstari. Usipokwama, unga wa oksidi ya seriamu uliochanganywa na maji, kwa pedi ya felti na mwendo wa taratibu, unaweza kuufifisha. Weka unyevu muda wote na gusa kioo mara kwa mara; kikiwa cha moto, acha kipoe. Ukucha ukikwama, acha kusugua. Kuchimba mpaka kina hicho kutakuachia bonde linalopinda mwanga usiku, na kioo chenyewe hakipendi kuchimbwa. Ukiamua kukibadilisha, badilisha na ukanda na felti siku hiyo hiyo, la sivyo kipya kitachorwa mistari ile ile.

Kuna mtu atakuonyesha madoa ya bluu na zambarau yaliyopangika kama ngozi ya chui, akiwa amevaa miwani ya jua yenye vichujio vya mwanga. Hayo si ubovu. Ni alama za upepo wa kupozea kiwandani, na ni uthibitisho kwamba kioo ni kile kilichokazwa kwa joto. Ukungu wa maziwa unaoanzia ukingoni ni jambo jingine: kioo hicho ni cha tabaka mbili na utando wake umeanza kuachana. Hausafishiki.

Kinajikokota, kinapanda upande, au kimezama

Sikiliza kabla ya kufungua. Ukibonyeza swichi na usisikie kitu, anza na fyuzi, swichi na waya zinazopita kwenye bawaba ya mlango, ambazo hukunjwa kila mlango unapofunguka na mwishowe hukatika ndani ya ganda lake. Ukisikia mota inazunguka lakini kioo hakitoki, kebo imekatika au kioo kimeachana na kibano chake. Mlio wa kutafuna, krr-krr, ni meno ya plastiki au kebo iliyochomoka kwenye gurudumu lake.

Kinachopanda polepole kama mzee kwenye ngazi mara nyingi kina grisi iliyoganda kwenye reli. Mazda MX-5 za kwanza, zile zilizotoka 1989, zinajulikana sana kwa hili: grisi inakuwa kama nta, na bushi za plastiki za mwisho wa kebo zinavunjika. Watu hununua mota mpya wakati reli ilihitaji kufutwa tu. Safisha grisi ya zamani yote, paka mpya nyepesi kwenye reli za chuma, na kwenye mifereji ya raba tumia silikoni ya kupuliza. Mafuta ya injini au ya kulegeza nati usiyaweke kwenye raba. Huivimbisha na kukusanya vumbi.

Kioo kinachopanda kimeinama, mbele juu na nyuma chini, kinakuambia kwamba upande mmoja umeachia. Usikisaidie kwa kukivuta kwa mkono huku mota inasukuma. Hapo ndipo kinajipinda ndani ya mfereji na kupasuka.

Hakishuki kidogo mlango unapofunguliwa

Magari mengi yasiyo na fremu, Mini ya paa la kukunjwa ikiwa mojawapo, hushusha kioo kiasi cha sentimita moja mara unapovuta kishikio, kisha hukirudisha mlango ukishafungwa, ili ncha iingie chini ya mdomo wa raba. Mfumo huu ukifa, kila ufungaji wa mlango ni pigo kwenye ukingo wa kioo. Ni sababu ambayo watu hawaifikirii kabisa, na kwangu mimi ni ya kwanza kuiuliza kioo kikivunjika mlango ukifungwa.

Kama tatizo limeanza baada ya betri kutolewa au kufa, gari limesahau mwisho wa safari ya kioo. Kwa kawaida unalifundisha upya kwa kushusha kioo chote, kukipandisha chote, na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache. Hatua kamili zimo katika kitabu cha gari lako na hutofautiana. Kama betri haijaguswa, shuku swichi ndogo iliyo ndani ya kitasa. Dalili yake nyingine ni taa ya ndani isiyowaka, au onyo la mlango wazi wakati umefungwa.

Na betri ikiwa imekufa kabisa, fungua mlango kwa upole, na ukishaufungua usiufunge kwa nguvu kioo kikiwa juu. Uache umeegemezwa mpaka umeme urudi.

Mluzi wa upepo na maji kwenye paja

Kabla hujagusa bolti yoyote, hakikisha paa limefungwa na kulabu zake zimekaza, na raba ya turubai haijabonyea au kuchanika. Kioo hakiwezi kuziba pengo la raba iliyokufa.

Kisha chukua ukanda wa karatasi, uweke kati ya kioo na raba, funga mlango, vuta. Fanya hivyo kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia kona ya mbele hadi nyuma. Inapotoka bila ukinzani, hapo ndipo upepo unapita. Inapochanika, hapo kioo kinabana mno, na hiyo nayo ni hatari. Unataka karatasi itoke kwa kusita, mahali pote sawa.

Marekebisho ni matatu: mbele-nyuma, mwinamo wa ndani-nje, na urefu. Yafanye kwa mpangilio huo, kwa sababu ukianza na urefu, mawili yatakayofuata yataubadilisha. Mwinamo unawachanganya wengi. Kioo kinaegemea mdomo wa mlango kama bembea, hivyo ukisukuma chini ya reli kuelekea nje, ncha ya juu inakuja ndani. Zungusha robo mzunguko, funga mlango, vuta karatasi, zungusha tena. Weka alama ya kalamu isiyofutika kuzunguka kila bolti kabla ya kuilegeza. Ukipotea, una nyumbani pa kurudia.

Jaribio la maji lifanye mwisho, kwa mpira wa bustani unaotiririsha kutoka juu, na mtu ameketi ndani na tochi. Mashine ya maji ya shinikizo itapenya hata raba nzuri na kukupa kesi isiyokuwepo.

Maji yanayokusanyika sakafuni bila kuonekana kwenye kioo yana njia yake. Nyuma ya kava ya mlango kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Mvua huingia mlangoni kila siku kupitia ukanda wa kioo, na nailoni hiyo ndiyo inayoielekeza kwenye matundu ya chini. Aliyefungua mlango kabla yako akiichana au kuitupa, zulia litalowa hata kama kioo kimekaa sawasawa.

Kukifunga kipya

Agiza kwa namba ya chesisi, na taja upande, rangi ya kioo, na kama gari lako lina kile kipembe kidogo cha kioo mbele ya mlango. Kioo kilichotoka kwenye gari jingine kinafaa, mradi ukingo wake uwe mzima: pitisha kidole chenye glavu kuzunguka chote, na usikubali hata tundu la punje. Soma maandishi ya konani. Alama ya 43R huonyesha kimepita kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari.

Tenganisha betri na usubiri muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari, hasa kama mlango au kiti kina mfuko wa hewa. Toa skrubu zilizofichwa, nyuma ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo, ndipo uzing'oe klipu kwa wenzo wa plastiki. Kava isiyotoka ina skrubu ambayo hujaiona. Usiivute kwa hasira. Bandua nailoni pole pole, uitunze.

Nyonya mlango wote, kisha ukung'ute kwa kiganja na unyonye tena. Utashangaa vinavyotoka mara ya tatu. Kagua kebo, reli na vidhibiti sasa, kwa sababu hutapata nafasi nzuri kama hii tena. Hamishia vibano kwenye kioo kipya na bushi mpya. Rudisha umeme kwa muda, peleka mashine mahali ambapo bolti zinaonekana kwenye matundu ya mlango, zima tena. Kioo kingine huingia kikiwa kimeinamishwa, pua kwanza; kwa kuwa hakuna fremu ya kukizuia, msaidizi anaweza kukishika kutoka nje wewe ukifunga chini. Bandika tepu ya karatasi kwenye mdomo wa mlango kulinda rangi na ukingo.

Bolti zikaze kwa mkono kwanza. Rudisha umeme, ukipandishe kwa vituo, ukitazama pengo, hadi juu. Bana kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukikosa kipimo, acha pale bushi inapoanza kubonyea, usiendelee. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Fanya jaribio la karatasi kabla ya kurudisha nailoni na kava.

Siku chache za kwanza, kila ukifungua mlango, tazama ukingo wa juu na wa nyuma kwenye mwanga. Baada ya wiki legeza kava, shika bolti kwa spana uone kama zimelegea, na sikiliza kioo kikiwa nusu kwenye barabara mbaya. Kikigonga, vidhibiti havijakibana. Pitisha tena kijiti kwenye matundu ya chini. Karibu kila mara kokoto moja au mbili huwa zimeshuka mpaka hapo.